Kompyuta si Mashine ya Kupigia Chapa

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo, nikilitaja tu, wasomaji wengine watafunua upesi ukurasa wa mpira. Nawasihi wangoje kidogo. Jambo lenyewe ni hili: wataalamu wa fizikia hutumia kompyuta kuigiza migongano ya chembe ndogo mno, ndogo kuliko atomu. Nami nasema ya kwamba mlango wa kwanza wa kazi hiyo waweza kufunguliwa na vijana wa shule hii, kwa kompyuta zizo hizo ambazo sasa zimefunikwa vitambaa katika chumba chenye kufuli.

Najua nitajibiwa nini, kwa kuwa nimekwisha kujibiwa mara nyingi, Arua, Koboko, na kwetu Oraba. "Mwalimu, sisi tuna shida ya maji, tuna shida ya dawa, umeme waja na kwenda. Chembe za Wazungu zatuhusu nini?" Neno hili si la kipumbavu, wala silidharau. Anayelisema mara nyingi ni mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo, naye ana haki ya kuuliza karo yake yanunua nini. Basi yanipasa nimjibu kwa hoja.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Karibu na mji wa Geneva, chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, pana handaki la duara lenye urefu wa kilometa 27. Sisi tujuao barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba, ambayo ni kilometa 92, twaweza kupima kwa akili: handaki hilo halifiki theluthi ya barabara yetu, ila limekunjwa likawa pete, kisha likafukiwa ardhini kwa kina cha meta 100 hivi. Mashine hiyo inapokuwa kazini, protoni hukimbizwa ndani yake pande mbili kinyume hata zikaribie mwendo wa nuru, ndipo hugonganishwa. Migongano ya kwanza ilifanywa mwaka 2009. Kila protoni huizunguka pete zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja, na katika kila mzunguko huvuka mpaka wa nchi mbili, kwenda na kurudi, bila kuonyesha pasi wala kusimamishwa na askari. Watu wa Oraba wataziona chembe hizo zina bahati kubwa.

Protoni mbili zikigongana, nguvu ya mwendo wao hugeuka ikawa chembe mpya. Nyingi katika chembe hizo hufa pale pale, kabla ya kufika popote, na kuacha watoto na wajukuu wanaotawanyika kila upande. Hapana jicho liwezalo kuyaona hayo. Kinachoonekana ni alama tu: vijidudumo vya umeme katika mitambo iliyozunguka mahali pa mgongano. Mmoja wa mitambo hiyo, uitwao ATLAS, una urefu wa meta 46 na kimo cha meta 25, na uzito wake ni tani 7,000. Jengo zima la ghorofa, na kazi yake ni kusoma nyayo!

Hapo ndipo penye fumbo. Tuseme umefika mahali barabarani ukakuta vioo vimevunjika, mafuta yamemwagika, na alama za breki zimepinda. Utajuaje kama ni malori mawili yaliyogongana, au lori na pikipiki, au lori moja lililoteleza peke yake? Huwezi kujua mpaka umejifunza kwanza kila aina ya ajali huacha alama gani. Walakini wataalamu wa Geneva walikuwa wakitafuta ajali ambayo hapana mtu aliyewahi kuiona. Wangejifunza alama zake wapi?

Waliitunga. Kompyuta hupewa kanuni za fizikia kama zijulikanavyo, halafu huambiwa irushe dadu. Sisemi dadu ya mfupa. Nasema namba za nasibu, ambazo kompyuta huzitoa kwa wingi usiohesabika. Dadu ni ya lazima kwa sababu maumbile yenyewe, katika udogo ule, hayana jibu moja. Protoni mbili zikigongana leo kwa namna fulani, na nyingine mbili zikigongana kesho kwa namna ile ile, matokeo yaweza kuwa mbalimbali kabisa. Kanuni zatuambia tu lipi hutokea mara nyingi na lipi hutokea mara chache. Basi programu kama ile iitwayo PYTHIA, iliyotungwa Lund katika nchi ya Uswidi, hurusha dadu na kusema: mgongano huu umezaa chembe hizi na hizi, zimekwenda upande huu na huu. Kisha programu ya pili, Geant4, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, huishika kila chembe na kuitembeza hatua kwa hatua ndani ya chuma, gesi na waya za mtambo. Kila hatua dadu hurushwa tena. Je, imepinda? Imepoteza nguvu kiasi gani? Imegonga kiini cha atomu? Imekufa? Mwisho kompyuta hutoa alama za umeme kama zile ambazo mtambo wa kweli ungalitoa, na alama hizo hupelekwa kwa programu zile zile zisomazo alama za kweli.

Kazi ya kuchagua nayo hutegemea mwigo huo. Mafungu ya protoni hukutana mara milioni 40 kwa sekunde, na haiwezekani kuandika habari za yote. Wanaohifadhi huhifadhi mia kadhaa au elfu chache tu kwa sekunde, mengine huachwa yapotee milele. Mtu aliyekaa Oraba akatazama malori yakingoja kuvuka kwenda Kaya atalielewa jambo hili kuliko mtu wa Geneva. Ofisa wa forodha hawezi kufungua kila gunia. Yambidi ajue tangu mwanzo gunia la kutiliwa shaka lafananaje. Mashine hufundishwa ujuzi huo kwa migongano ya kutungwa, kabla ya ile ya kweli kuanza kupita.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hiki ndicho kiini cha maneno yangu. Mwigo hufundisha swali moja ambalo shule zetu hazilifundishi: "Kama jambo hili ninalolidhania halipo, ningaliona nini?" Tarehe 4 Julai 2012, wataalamu wa Geneva walipotangaza kwamba wameona chembe mpya, ile ambayo Peter Higgs aliitabiri mwaka 1964, hawakusimama na picha moja wakasema, "Tazameni, hii hapa." Walitunga ulimwengu mzima usio na chembe ile, wakahesabu alama ambazo ulimwengu huo ungalitoa. Kisha wakatunga na ulimwengu wenye chembe ile. Ndipo wakaleta alama za kweli wakazilinganisha. Bahati tupu, bila ya chembe yo yote mpya, ingaliweza kutoa alama kama zile mara moja katika mara milioni tatu na nusu hivi. Bwana Higgs alikuwapo ukumbini, mzee wa miaka 83. Alikuwa amengoja miaka 48.

Na jambo moja zaidi lanipendeza sana. Wakati wa kutayarisha hesabu zao, walijizuia wasitazame alama za kweli mahali pale walipotazamia kuiona chembe. Walizifunika. Walipokwisha kukubaliana juu ya mwigo na njia ya kuhesabu, ndipo wakafunua. Vijana wanaofunua kurasa za nyuma za kitabu cha hesabu kutazama jibu kabla ya kulitafuta wanaelewa vema kwa nini nalitaja jambo hili.

Njia hii ya dadu haikuanzia kwenye chembe. Mwaka 1946 mtaalamu wa hesabu, Stanislaw Ulam, alikuwa akipona ugonjwa huko Marekani, naye akijiburudisha kwa mchezo wa karata wa mtu mmoja. Akajiuliza: karata zikichanganywa, mchezo huu una uwezekano gani wa kufaulu? Alijaribu kutafuta jibu kwa hesabu safi, ikawa ngumu. Ndipo akawaza: kwa nini nisicheze mara mia nikahesabu nimefaulu mara ngapi? Rafiki yake John von Neumann aliona mara moja kwamba kompyuta, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimezaliwa, zaweza kucheza mara elfu na elfu bila kuchoka. Mwenzao mmoja akaipa njia hiyo jina la Monte Carlo, kwa ajili ya nyumba mashuhuri ya kamari. Walimu wetu wa dini wasifadhaike, hapana fedha inayowekwa mezani.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Ulam na wenzake walikuwa watengenezaji wa mabomu ya atomu, na hesabu zao za kwanza zilikuwa juu ya nyutroni ndani ya silaha. Nasi watu wa upande huu tulikuwamo katika habari hiyo, ijapokuwa hapana aliyetuuliza: uranio nyingi iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo hiyo hiyo ambayo mtu wa Koboko huenda sokoni na kurudi jioni. Tulitoa jiwe. Hesabu ilifanywa na wengine, na faida ikagawanywa na wale waliofanya hesabu. Hii ndiyo sababu moyo wangu huchemka nisikiapo kwamba hesabu hizi "hazituhusu". Jiwe lilituhusu.

Tena kuna habari iliyo karibu zaidi, wala si ya Kongo, ni ya West Nile yetu wenyewe.

Kusini ya mji wa Arua pana hospitali ya Kuluva. Alikuwapo daktari mmoja, Ted Williams, aliyewatibu watoto wenye ile saratani ya taya ambayo Daktari Denis Burkitt wa Mulago aliiandikia mwaka 1958, ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 madaktari hao wawili, pamoja na mwenzao wa tatu, walisafiri kwa motokaa kama kilometa 16,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo waonekana wapi. Lakini sifa kubwa ya Daktari Williams, kwa maoni yangu, si safari hiyo. Ni daftari lake. Kwa miaka mingi aliandika kila mtoto mgonjwa: anatoka wapi hasa, na aliugua lini hasa.

Kwa nini daftari? Kwa sababu watoto wawili wakiugua kijiji kimoja katika mwezi mmoja, watu husema, "Kuna kitu kinachoambukiza." Wengine husema, "Kuna mtu." Lakini yawezekana ni bahati tu. Mwaga punje za mtama uwanjani nawe utaona nyingine zimelala mbili mbili na tatu tatu, ingawa hapana aliyezipanga. Utapambanuaje mkusanyiko wa bahati na mkusanyiko wenye sababu? Mwaka 1967 Williams na wenzake walitoa taarifa katika gazeti la madaktari la Uingereza kwamba katika miaka ya 1961 mpaka 1965 watoto wa West Nile waliougua karibu kwa mahali waliugua pia karibu kwa wakati, kupita kiasi cha bahati. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba dalili hiyo haikuwa na nguvu sawa katika miaka yote.

Orodha ya watoto 188 wa wilaya yetu, wa miaka ile ya 1961 mpaka 1975, ikaingia katika vitabu vya takwimu, na katika programu ya kompyuta iitwayo splancs, iliyotungwa Uingereza. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali huitumia kujifunzia. Wajifunza nini? Wajifunza Monte Carlo. Huacha mahali pa kila mtoto pale pale palipo, kisha huzichanganya tarehe kama karata na kuzigawa upya kwa nasibu. Huhesabu: katika West Nile hii ya kutungwa, watoto wangapi wako karibu kwa mahali na kwa wakati? Huchanganya tena na tena, pengine mara 999. Ndipo huiweka West Nile ya kweli kando ya zile 999 za kutungwa, watazame kama yajitokeza au yafichika katikati yao.

Oneni basi. Ni hesabu ile ile ya Geneva! Huko walitunga ulimwengu usio na chembe mpya. Huku walitunga West Nile isiyo na maambukizo. Wanafunzi wa nchi za mbali hujifunza elimu hii kwa vijiji vyetu na kwa wagonjwa wetu, na katika shule hii sijapata kuona kijana hata mmoja aliyeambiwa kwamba orodha hiyo ipo.

Mzazi aliyeuza mbuzi aniulize sasa: yatibu nani? Nitamjibu kwamba mashine ya kutibu saratani kwa mionzi ni ndugu mdogo wa mashine ya Geneva. Katika aina mojawapo itumikayo sana, elektroni hukimbizwa, hugongeshwa katika kipande cha madini, na mionzi itokayo huelekezwa penye uvimbe. Ikizidi huunguza mwili mzima, ikipungua uvimbe hubaki. Mionzi yapitaje katika mfupa, katika pafu, katika nyama? Programu za dadu kama Geant4, zilizotungwa kwa ajili ya chembe, hutumiwa kujibu maswali hayo pia. Nasi Waganda hatujasahau mwaka 2016, mashine ya mionzi ya Mulago, iliyokuwa ya pekee katika nchi nzima, ilipoharibika, ukapita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya nyingine kuanza kazi. Mashine zaweza kununuliwa kwa fedha au kupokewa kama zawadi, lakini mtu wa kuzipigia hesabu hulelewa, na kulelewa kwake huanzia darasani, akiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano.

Tusijidanganye vile vile. Mimi sisemi tujenge handaki Koboko. Maabara ya Geneva inapofanya kazi kwa nguvu zote hutumia umeme wa megawati 200 hivi. Stesheni ya maji ya Nyagak, iliyoanza mwaka 2012 na tukaifurahia sana, ni ya megawati 3.5. Hesabu imekwisha. Lakini mwigo hauhitaji handaki. Tangu mwaka 2011 watafiti wa Geneva walipokea msaada wa watu wa kawaida waliokubali kompyuta zao za nyumbani zipige hesabu za migongano zilipokuwa hazina kazi nyingine. Kompyuta ya nyumbani, ndugu zangu! Wala si lazima kuvuka bahari kufuata elimu hii. Mwezi wa Agosti 2016 Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2010, ilifanyika Kigali, na tangu 2018 mji huo huo una chuo cha utafiti wa misingi ya fizikia kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Kigali si mbali. Kijana wa kwetu akifika huko asiwe anaisikia dadu ya kompyuta kwa mara ya kwanza.

Basi tuanze na nini? Tuanze na simsim, ambayo watu wa pwani huiita ufuta. Chora mraba juu ya karatasi kubwa, na ndani yake chora robo ya duara, pembe moja ya mraba ikiwa ndiyo kitovu na ubavu wa mraba ukiwa ndio nusu kipenyo. Nyunyiza punje bila kulenga. Hesabu zilizoangukia ndani ya mraba wote, kisha zilizo ndani ya robo duara. Gawanya hizi kwa zile, zidisha kwa nne, nawe utakuwa umekaribia ile namba ya duara, 3.14. Kwa punje 100 kosa lako la kawaida litakuwa kama 0.16, yaani jibu halina sifa. Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Programu ya majedwali, ile ile ambayo makarani huorodheshea karo, inajua kutoa namba za nasibu. Tupa punje za namba 10,000, kosa litashuka likawa kama 0.016. Tupa milioni moja, litakuwa kama 0.0016. Kijana atajionea mwenyewe kwamba ili kosa lipungue mara kumi ni lazima kazi iongezwe mara mia. Akikwisha kulijua hilo, ataelewa kwa nini wale wa Geneva hutunga migongano kwa mamilioni ya mamilioni, na kwa nini kompyuta zao hazilali.

Baada ya simsim, dadu ya chembe moja: ipite katika ukuta wa tabaka kumi, na katika kila tabaka iwe na nafasi moja katika sita ya kunaswa. Ngapi zatoka upande wa pili? Hili lawezekana hata kwa dadu ya mfupa na daftari, siku ambayo umeme haupo. Kisha orodha ya watoto 188. Nadhani muhula mmoja watosha.

Nimeambiwa na mwalimu mmoja mwenzangu kwamba mtihani hauulizi mambo hayo. Kweli, hauulizi kwa jina. Lakini uwezekano umo katika hesabu ya sekondari tangu zamani, nao hufundishwa kwa sarafu ya kufikirika inayorushwa na mtu wa kufikirika, mara mbili tu, kwa sababu mwalimu hana saa ya kuirusha mara elfu. Kompyuta inayo. Na somo la kompyuta, kama lifundishwavyo shule nyingi, ni kupiga barua chapa, kukoza maneno na kupanga majina. Hiyo ni kazi ya heshima, nami sina ugomvi na makarani. Lakini mashine hiyo tumeinunua kwa bei ya ng'ombe kadha wa kadha ili ifanye kazi ya taipureta.

Onyo moja kwa watakaoanza. Mwigo ni mtumwa wa kanuni ulizoupa. Ukiupa uongo utakurudishia uongo, tena uliopambwa kwa michoro mizuri, na mtu asiyejua ataustaajabia. Migongano ya kutungwa hailingani daima na ile ya kweli, na isipolingana mtaalamu mwaminifu hauonei haya mwigo wake. Huurekebisha au huutupa. Kwa hiyo kijana asiye na daftari la mambo ya kweli, kama lile la Kuluva, asijisifu kwa kompyuta. Na sisi, kusema kweli, ni wavivu wa madaftari. Mvua hunyesha Koboko mwaka baada ya mwaka, na ni wangapi wetu wanaoandika milimeta zake?

Ombi langu ni dogo. Ufunguo wa chumba cha kompyuta utoke kwa Jumatano na Jumamosi alasiri, chini ya mwalimu mmoja na mkuu wa wanafunzi, na jina la kila anayeingia liandikwe ili kitu kisipotee. Zile kompyuta zisizowaka zitazamwe na fundi. Mara nyingi ubovu ni wa kifaa cha kupitishia umeme tu. Ninyi wanafunzi wa zamani mlioko Kampala, Juba, Yei na Aru, wengi wenu ofisini hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache, na zile kuukuu huwekwa stoo. Hizo zatutosha kabisa, kwa maana dadu haihitaji kioo kipya. Na atakayependa kuchangia mafuta ya jenereta aandike kwa Mhariri, kwa sababu saa za alasiri ndizo ambazo umeme hupenda kutukimbia.

Mimi mwenyewe nitashuka kutoka Oraba kila Jumamosi ya pili ya mwezi, mvua ikiruhusu, kusaidia wale wa kidato cha tatu na cha nne. Karatasi ya mraba iwe tayari imechorwa. Simsim nitakuja nayo.